Mkutano, barua, ramani au mpango mzima: njia ipi imfae mkazi mtaa wake unapopangwa

Wakazi wengi wa mijini huanza kutafuta namna ya kushiriki katika upangaji wa mtaa wao siku wanapoamka na kukuta alama ya X imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Mambo yakifika hapo, njia zilizobaki ni chache na zote ni za gharama: kudai fidia, kutafuta wakili, au kumwomba mkubwa fulani apige simu. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wale ambao siku hiyo bado haijawafikia, yaani wajumbe wa kamati za mitaa, viongozi wa vikundi na wakazi wa kawaida waliosikia kwamba eneo lao litapangwa, litarasimishwa (yaani makazi yaliyojengwa bila mpango yapimwe na kutambuliwa kisheria) au litapitiwa na barabara, na wanaojiuliza waelekeze wapi muda wao mchache na fedha zao chache zaidi.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kamati ya urasimishaji katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo nimezoea kuulizwa njia ipi inafanya kazi. Huwa najibu kwa kuweka njia nne kando kwa kando: mkutano wa hadhara, pingamizi la maandishi, ramani inayochorwa na wakazi wenyewe, na mpango shirikishi wa eneo zima. Ya tano, bajeti shirikishi, nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa inahusu utekelezaji kuliko mchoro. Kila njia naipima kwa maswali matatu: inaingia mchoro ukiwa na umri gani, inamsikiliza nani, na inaacha nini kwenye maandishi baada ya watu kutawanyika. Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, na sababu yake itaonekana mbele.

Umri wa mchoro

Mchoro wa mipangomiji hauzaliwi siku unapobandikwa ukutani. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji: eneo hutangazwa, taarifa za uwandani hukusanywa, rasimu huchorwa, wadau huitwa, rasimu huwekwa wazi ili ikaguliwe na kutolewa maoni, kisha hupelekwa ngazi ya wizara ya ardhi kuidhinishwa. Nchini Kenya kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na juu yake iko Katiba ya mwaka 2010 ambayo katika Kifungu cha 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na katika Kifungu cha 184 inaagiza sheria iweke utaratibu wa wakazi kushiriki katika uendeshaji wa miji.

Kila hatua inayopita huongeza bei ya kubadili mstari. Wakati taarifa zinakusanywa, mstari unaohamishwa ni wa penseli, na mtu mmoja anayejua mkondo wa maji unapita wapi anaweza kuuhamisha kwa neno tu. Rasimu ikishachorwa, kuuhamisha mstari huohuo kunadai kikao. Mchoro ukishaidhinishwa, kunadai kuanza upya utaratibu mzima. Mawe ya mipaka yakishapandwa, kila jirani aliyenufaika na mstari ule huwa adui wa anayetaka usogezwe. Kwa hiyo anayechagua njia bila kuuliza kwanza mchoro umefika wapi anachagua gizani.

Nchi hizi mbili zinatofautiana pia kwa jambo moja linaloamua mengi. Mkenya anayo silaha ya mahakama, kwa sababu ushirikishaji wa umma umeandikwa katika katiba na majaji wameuchukulia kwa uzito. Mtanzania anayo silaha ya muundo: serikali ya mtaa, pamoja na mwenyekiti wake, mtendaji wake na wajumbe wake, inafika hadi mlangoni, na mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mtu mzima. Silaha hizo hazifanani, na ushauri wa mtu wa Nairobi ukibebwa mzimamzima hadi Temeke unaweza kumpoteza mtu.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba ushirikishwaji wenyewe si wa zamani sana. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulichorwa na kampuni kutoka Kanada, na mkazi wa kawaida hakuwa na kiti katika kazi hiyo. Mwaka 1992 ndipo Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa, ulipoanza kuwakalisha watu wa halmashauri, wafanyabiashara na vikundi vya wananchi katika vikundi kazi vilivyojadili taka, majitaka, usafiri na makazi holela. Wazee waliowahi kuketi katika vikao hivyo bado husimulia jinsi mjadala ulivyokuwa mzuri na utekelezaji ulivyokuwa mdogo, na simulizi hiyo inahusu moja kwa moja njia ya kwanza.

Mkutano wa hadhara

Mkutano ndiyo njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza, na kwa gharama ni nafuu kuliko zote: viti, kipaza sauti na tangazo la siku chache kabla. Nguvu yake ni kwamba mtu asiyejua kusoma wala kuandika anasikika sawa na mwalimu mkuu mstaafu, ilimradi awe na ujasiri wa kunyosha mkono.

Mkutano wetu wa kwanza ulifanyika Jumapili saa kumi alasiri, katika uwanja wa shule ya msingi. Afisa mipangomiji, kijana mpole, aliubandika mchoro kwenye ukuta wa darasa, na watu wakasimama mbele yake kimya kama wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani. Bibi mmoja akamuuliza, "Mwanangu, hapa kwangu ni wapi?" Kijana akamwonyesha namba ya kiwanja. Bibi akamjibu kwamba namba hiyo haijui. Anachojua ni kwamba kwake ni nyuma ya msikiti, ukishaupita mwembe. Kijana, kwa busara ambayo sijaisahau, akaubandua mchoro ukutani, akautandika juu ya mkeka, akauzungusha mpaka barabara ya kwenye karatasi ikaelekea upande uleule wa barabara yenyewe, kisha akaweka kokoto palipo msikiti na kizibo cha soda palipo mwembe. Mkutano wote ukainama. Hazikupita dakika kumi, mama mmoja akagundua kwamba choo chake na nusu ya jiko lake vimo ndani ya njia ya mita sita, na wengine wakagundua kwamba kisima tunachochota wote hakimo kabisa kwenye mchoro.

Huo ndio uzuri wa mkutano unapoendeshwa na mtu anayetaka kusikia. Ubaya wake nao ulikuwepo siku ileile, ila hatukuuona. Waliohudhuria walikuwa wenye nyumba, na wengi wao wanaume wa makamo. Wapangaji hawakuja kwa sababu tangazo lilisema "wamiliki wa viwanja", ilhali wao ndio wanaopita kwenye vichochoro hivyo usiku na ndio wanaojua kipi kina taa na kipi hakina. Mama lishe na vijana wa bodaboda walikuwa kazini. Wenye nyumba wanaoishi mikoani walipata habari miezi miwili baadaye.

Kisha likatokea lililonifundisha kupima njia kwa karatasi zinazoachwa nyuma. Miezi kadhaa baada ya mkutano, kampuni ya upimaji tuliyofanya nayo kazi iliwasilisha mchoro uliofanyiwa marekebisho ambao kamati haikuwahi kuuona, na ikauambatanisha na karatasi yetu ya mahudhurio, kana kwamba saini ya kuhudhuria ni saini ya kukubali. Hatukuwa na muhtasari wa kikao wa kuonyesha tulichopinga, kwa sababu aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa akiandika "majadiliano yalifanyika" mahali ambapo alipaswa kuandika nani alisema nini. Kuanzia hapo, kila karatasi ya mahudhurio ya kamati yetu ina sentensi juu kabisa isemayo kwamba saini zilizopo ni za kuhudhuria tu, na muhtasari husomwa kwa sauti kabla ya kufunga kikao, hata kama jua limezama na watu wananung'unika.

Kwa vipimo vyangu vitatu, basi, mkutano unaweza kuingia mchoro ukiwa na umri wowote, unamsikiliza aliye na nafasi ya kuja na ujasiri wa kusema, na usipoandikwa vizuri hauachi kitu. Tena waweza kuacha karatasi itakayotumika dhidi yenu.

Pingamizi la maandishi

Barua ni kinyume cha mkutano karibu kwa kila kipimo. Haihitaji watu wengi wala haimsubiri mtu. Inaingia katika hatua moja tu, ile ambayo rasimu imewekwa wazi na muda wa maoni haujapita, na ikichelewa kwa siku moja hugeuka kuwa malalamiko. Inachoacha nyuma, hata hivyo, ni kitu imara: nakala yenye mhuri wa "imepokelewa", tarehe, na saini ya karani wa masjala. Nimeona mtu mmoja mwenye nakala ya namna hiyo akiheshimiwa ofisini kuliko mkutano wa watu mia mbili.

Nchini Kenya uzito wake ni mkubwa zaidi. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Kesi ile ilihusu ada na tozo, haikuhusu ramani, lakini msingi wake unagusa kila uamuzi wa kaunti: ushirikishaji usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Mkazi wa Kenya anayetoa maoni yake kwa maandishi anajenga, hata kama hajui, ushahidi ambao hakimu anaweza kuusoma miaka mitatu baadaye. Nchini Tanzania barua kama hiyo mara nyingi huishia kwenye halmashauri au wizarani, na ni nadra ifike mahakamani. Bado inafaa, ila mwandishi asiitegemee kama upanga.

Udhaifu wa barua ni wa aina mbili. Kwanza, inampendelea anayeweza kuandika na anayemiliki, kwa sababu ofisi humuuliza mleta barua namba ya kiwanja kabla ya kumuuliza hoja. Pili, barua inajua kukataa tu. Mtu anaandika kwamba njia isipite kwake, jirani naye anaandika kwamba isipite kwake, na mwisho njia inapita kwa yule ambaye hakuandika, ambaye aghalabu ni mjane, mpangaji au mtu aliye safarini. Ndiyo maana nashauri barua ya kamati yenye majina na saini za nyumba zote zinazoguswa itangulie barua za mtu mmoja mmoja, na ieleze njia mbadala inaweza kupita wapi.

Ramani ya wakazi wenyewe

Kusema njia ipite wapi kunahitaji ramani, na hapa ndipo mambo yamebadilika sana katika miaka hii. Tandale, kata mojawapo ya Dar es Salaam, ilichorwa mwaka 2011 na wakazi na wanafunzi waliotembea uchochoro kwa uchochoro wakiwa na vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wa kata zinazofurika, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wataalamu wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri na kuitumia bure. Nyumba, mitaro, vivuko na mifereji iliyoziba viliingia kwenye ramani ambayo awali ilionyesha sehemu hizo kama uwazi wa kijivu.

Mtaani kwetu tuliiga kazi hiyo kwa kiwango kidogo, bila mfadhili. Vijana wanne wenye simu walipita nyumba kwa nyumba baada ya masika wakiuliza swali moja: maji yalifika wapi? Hakuna aliyejibu kwa sentimita. Walijibu "magotini", "kiunoni", "yaligusa swichi ya taa", na wengine walionyesha kwa kidole alama ya tope iliyobaki kwenye chokaa. Vijana walipima urefu wa alama hiyo kwa futi kamba, wakaandika, wakaweka nukta kwenye simu. Baada ya wiki tatu tulikuwa na karatasi moja inayoonyesha kwamba maji hayaanzi mtoni kama tulivyodhani sote. Yanaanzia kwenye kalvati moja chini ya barabara kuu, ambayo mdomo wake ni mdogo kuliko mtaro unaoingia ndani yake. Kwa miaka tulikuwa tukilalamika mkutanini kuhusu mto.

Ramani ina faida ambayo mkutano na barua havina: haibishaniwi kwa urahisi. Mhandisi anaweza kumkatiza mzee anayezungumza. Ni vigumu kuikatiza karatasi yenye nukta mia tatu na vipimo. Pia inaingia mapema, mchoro ukiwa bado haujazaliwa, na ikiwa tayari wakati taarifa zinakusanywa, mpimaji huichukua kwa furaha kwa sababu inampunguzia kazi.

Gharama zake zisifichwe. Kazi inadai wiki kadhaa za vijana ambao wangekuwa wanatafuta riziki, na posho ya nauli na maji ya kunywa ni lazima itoke mahali. Inahitaji angalau mtu mmoja anayejua programu za ramani, ingawa mwanafunzi wa mwaka wa pili anatosha. Kubwa zaidi ni kwamba ramani huria ni ya wote, na dalali naye ni miongoni mwa hao wote. Kuweka wazi kwamba nyumba fulani hufurika kunaweza kushusha bei ya nyumba hiyo, na kuweka wazi kwamba ardhi fulani haina hati kunaweza kumwita mtu asiyetakiwa. Sisi tuliamua mambo ya maji na njia yaende kwenye ramani ya wote, na mambo ya umiliki yabaki kwenye daftari la kamati. Sijajuta.

Na ramani isiyo na wa kuipokea ni picha tu. Yetu ilikaa miezi minne juu ya kabati la ofisi kabla mhandisi mmoja hajaja kuitazama.

Mpango shirikishi wa eneo zima

Njia ya nne ni nzito kuliko zote, na mfano wake mkubwa katika ukanda wetu ni Mukuru, jijini Nairobi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Hapo panaishi zaidi ya kaya 100,000, kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa yake imo mikononi mwa watu na kampuni binafsi waliomilikishwa kwa ajili ya viwanda. Tangazo lenyewe halikushuka kutoka mbinguni: lilitanguliwa na miaka ya utafiti na ushawishi wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa vitongoji duni lililoanza mwaka 1996, pamoja na vyuo vikuu na mashirika washirika. Utafiti huo ulionyesha, pamoja na mengine, kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji bei ya juu kwa kipimo kuliko mkazi wa mitaa ya matajiri, kwa sababu huyanunua kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kaya ziligawanywa kumikumi, kila kumi zikamteua mwakilishi, wawakilishi wakapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye jukwaa la eneo zima. Sambamba na hao, makumi ya mashirika yalijipanga katika vikundi vya sekta, vikiwemo maji na usafi, nyumba, afya, elimu, ardhi, fedha na mazingira, kila kikundi kikiwa na wataalamu wake. Mwakilishi wa kaya kumi hakuulizwa maoni ya jumla. Alipewa mambo mahususi ya kuyapeleka nyumbani, kuyajadili na kuyarudisha.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti kati ya kuulizwa na kushiriki. Viwango vya kawaida vya upana wa barabara na ukubwa wa shule vingefuatwa kama vilivyo, idadi kubwa ya wakazi wangelazimika kuondoka ili kupisha miundombinu iliyokusudiwa kuwahudumia. Kwa kuwa eneo maalumu huruhusu kusimamisha viwango vya kawaida na kutafuta vinavyofaa mahali hapo, mazungumzo yalihusu barabara ipi iwe pana kwa ajili ya gari la zimamoto na ipi ibaki ya waenda kwa miguu, na nani asogee mita ngapi. Hakuna mkutano wa Jumapili unaoweza kubeba mazungumzo hayo, na hakuna barua inayoweza kuyaanzisha. Kuanzia mwaka 2020 barabara zilianza kuwekwa lami na mabomba ya maji na majitaka kulazwa.

Lakini ni Mukuru hiyohiyo ambako, mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mpango shirikishi ulikuwepo, vikao vilikuwa vimefanyika, na bado uamuzi kutoka ngazi nyingine ulipita. Nalitaja hili kwa sababu watetezi wa njia hii huelekea kuliruka. Tangazo la eneo maalumu linazuia ujenzi holela kwa kipindi fulani, lakini halimalizi swali la nani anamiliki ardhi, na pale ardhi inapokuwa na hati ya mtu mwingine, ushirikishwaji mzuri kiasi gani haugeuki kuwa umiliki.

Njia hii inadai miaka, inadai shirikisho la wakazi lililokwisha kukomaa kabla ya mpango kuanza, na inadai serikali inayokubali kushirikiana. Mtaa mmoja peke yake hauwezi kuianzisha. Kata nzima au bonde zima linaweza, na kwa Dar es Salaam jambo la karibu zaidi ni mchakato wa kupanga Bonde la Msimbazi ulioendeshwa mwaka 2018, ambapo wahandisi, taasisi za serikali na wakazi wa bonde walikaa pamoja katika mfululizo wa vikao vya usanifu kabla ya michoro kukamilika.

Bajeti shirikishi, kwa ufupi

Wazo la wakazi kuamua matumizi ya fedha za mji lilipata umaarufu Porto Alegre, Brazil, kuanzia mwaka 1989. Nchini Kenya kaunti ya Makueni ilijenga mfumo wake baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, yaani kaunti zilipokabidhiwa madaraka na fedha, kuanzia vijiji hadi wadi hadi kaunti, na kamati ya wakazi inayousimamia kila mradi ina sauti kabla mkandarasi hajalipwa. Tanzania ina utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wa wakazi kupanga vipaumbele vyao wenyewe, ambao kwa maandishi ni mzuri lakini kwa mazoea mara nyingi umezalisha orodha ndefu ya vipaumbele kuliko fedha za kuvitekeleza. Njia hii inafaa mchoro ukishaidhinishwa na swali likiwa mtaro upi uanze; anayepigania mstari wa barabara asiitegemee.

Kuchagua

Kama mmeitwa kwenye mkutano wa kwanza na hakuna rasimu bado, fedha zenu kidogo ziende kwenye ramani, na mkutano utumike kuiwasilisha. Mkienda na maneno matupu mtaondoka na maneno matupu. Kama rasimu imeshabandikwa na siku za maoni zinahesabika, achaneni na ramani ya eneo zima; choreni kipande kinachogombaniwa tu, hata kwa mkono na futi kamba, mkiambatanishe na barua moja ya pamoja, na barua hiyo ipelekwe na watu wawili ili mmoja awe shahidi wa mhuri. Kama mnaishi kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, tafuteni wakili wa msaada wa kisheria kabla ya kufikiria njia yoyote kati ya hizi, kwa sababu hapo suala si la mchoro tena. Na kama tatizo lenu ni la bonde zima, kama mafuriko yalivyo karibu siku zote, mtaa wenu usijisumbue kupambana peke yake: ungeni mitaa jirani kupitia kamati ya maendeleo ya kata, na diwani apate sababu ya kulibeba.

Kwa wapangaji, ambao ni wengi na husahaulika, nina pendekezo moja tu, nalo limefanya kazi kwetu. Muhtasari wa kila mkutano uwe na mstari unaosema wapangaji wangapi walikuwepo na walisema nini. Mwenyekiti wetu alipoulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya afisa wa halmashauri kwa nini mstari huo ulikuwa na sifuri, mkutano uliofuata uliitishwa saa mbili usiku, na tangazo likabandikwa gengeni na kijiweni kwa bodaboda.

Kuhusu karatasi zenyewe, sisi huweka nakala tatu za kila kitu: mchoro, muhtasari, mahudhurio, barua yenye mhuri. Moja hukaa ofisi ya mtaa, moja kwa katibu wa kamati, na ya tatu kwa mkazi asiye kiongozi, kwa sasa fundi cherehani anayeishi karibu na kisima. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 ulipopita na viongozi wakabadilika, mafaili ya ofisini hayakuonekana kwa wiki nzima, na ni nakala ya fundi cherehani tuliyoipeleka halmashauri.